Kilo si kani: Maneno ya kujua kabla ya kutundika mzigo kwenye mizani

Mshairi anaposikia neno mizani, huanza kuhesabu silabi. Mshororo wa tarbia una mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao, na ukizidisha moja tu msikilizaji hujikwaa. Mchuuzi wa samaki pale Sori, kaunti ya Migori, akilisikia neno hilo hilo huwaza kulabu, kilo na pesa. Wote wawili wako sahihi. Mizani, uzani na wizani ni maneno ya ukoo mmoja, yaliyotoka kwenye shina la Kiarabu lenye maana ya kupima. Uzito ni neno letu la Kibantu, nalo limetanda kotekote: tuna mzigo mzito, maneno mazito, uji mzito na mama mjamzito.

Neno linalobeba mambo mengi hufaa sana barazani, lakini kazini linaweza kumponza mtu. Kiko kifaa kimoja ambacho kwacho tofauti ya maneno huwa tofauti ya pesa, na wakati mwingine tofauti ya uhai. Hicho ni mizani ya kidijitali ya kuning'iniza.

Viwandani huitwa mizani ya kreni kwa sababu hutundikwa kwenye kulabu ya kreni. Juu ina pete ya kutundikia, chini ina kulabu ya kubebea mzigo, na katikati ina kioo cha tarakimu. Katika fuo za Muhuru Bay, Mbita na Sindo huhitaji kreni; boriti ya banda inatosha, kreti la mbuta likaning'inizwa na bei ikahesabiwa. Kule Kabondo, kaunti ya Homa Bay, mizani hii inaweza kuamua ugomvi wa viazi vitamu vilivyotiwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilemba. Fundi anayeinua injini anaihitaji, na mchimba dhahabu wa Nyatike anaweza kupimia gunia la mawe kabla ya kuliamini kwenye kamba.

Sasa sikiliza sentensi hii, ambayo husemwa madukani bila mtu kushtuka: "Hii mizani iko na nguvu ya kilo mia tatu." Nguvu gani? Mwuzaji anaweza kuwa na maana kwamba tarakimu za kioo hufika 300. Mnunuzi anaweza kuelewa kwamba chuma chake hakikatiki kabla ya kilo 300. Kijana wa kupakia naye ataelewa kwamba akitundika 320 hakuna neno, maana "chuma ni chuma." Hayo ni mambo matatu tofauti, na yanastahili majina matatu. Kuna upeo wa kipimo, ambao ndio huandikwa "Max" kwenye mizani yenyewe. Kuna kikomo cha kustahimili, ambacho kikipitwa mizani huharibika ndani hata kama haijakatika. Kisha kuna kani ya kuvunjikia. Anayefanya kazi anapaswa kulijua la kwanza na kuliheshimu. Hayo mengine mawili ni akiba ya mtengenezaji, wala si ruhusa kwa mtumiaji.

Nimetumia neno kani kwa makusudi. Katika Kiswahili cha fizikia, tungamo ni kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, na hupimwa kwa kilo. Kani ni msukumo au mvuto, na hupimwa kwa niutoni. Uzito ni kani ya aina moja, yaani ule mvuto ambao dunia hukivutia kitu chini. Kitu chenye tungamo la kilo 1 huvutwa kwa takriban niutoni 9.8. Gunia la kilo 50, basi, huivuta kulabu kwa takriban niutoni 490. Kani si neno geni katika lugha. Mtu akishika kani, wenzake hujua kwamba pana mvutano, na ndivyo ilivyo pale kwenye kulabu.

Ndani ya mizani mna kipande cha chuma kilichochongwa maalum. Mzigo ukining'inia, chuma hicho hunyooka kidogo mno, kiasi ambacho jicho halioni. Juu yake zimegandishwa nyuzi nyembamba za metali. Chuma kikinyooka, nazo hurefuka, na ukinzani wake wa umeme hubadilika. Saketi ndogo huyapima mabadiliko hayo, kisha huyageuza kuwa kilo. Kwa maneno mengine, mizani haioni kilo hata moja. Inahisi kani, halafu inatafsiri.

Kama ilivyo kwa mkalimani yeyote, tafsiri hutegemea alikofunzwa. Mvuto wa dunia haulingani kila mahali: huwa mkubwa zaidi kuelekea ncha za dunia, na hupungua karibu na ikweta na kwenye miinuko. Ziwa Victoria liko ikweta, takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mizani iliyosawazishwa London ikaletwa moja kwa moja hadi Mbita itapunja karibu kilo 1 katika kila kilo 300. Samaki hawajapungua hata mmoja. Tungamo lao ni lile lile. Kilichopungua ni kani. Ndiyo sababu mizani husawazishwa pale inapotumiwa, kwa mawe ya kupimia yanayojulikana.

Hasara ya kilo inauma, lakini kani huleta hatari kubwa kuliko hiyo. Vijana wawili wakilinyanyua gunia la kilo 50 na kuliachilia ghafla kwenye kulabu, hata kama halikuanguka kutoka juu, kwa nukta moja kani huweza kufika maradufu, kana kwamba umetundika kilo 100. Likianguka kutoka juu huzidi hapo. Gunia ni lile lile na uzito ni ule ule, lakini kani si ile. Anayesema "mbona ni kilo hamsini tu" anasema kweli kuhusu gunia, ila hajasema lolote kuhusu kamba.

Mambo huwa vivyo hivyo kamba zikikaa mshazari. Mzigo wa kilo 50 ukibebwa na kamba mbili zilizosimama wima, kila moja hubeba nusu. Zikitanuliwa hadi pembe iliyo kati yake ikafika nyuzi 120, kila kamba huvutwa kana kwamba inabeba kilo zote 50 peke yake. Mizani yenyewe haipendi kuvutwa upande. Imeundwa kupima mvuto wa wima, kwa hiyo ukiivuta mshazari inadanganya, na pete yake huchakaa vibaya. Mtumbwini nako, mawimbi yakiutikisa mzigo, tarakimu hucheza. Ukipima humo, anayesoma namba ndiye atakayechagua ipi aitaje.

Kwa hiyo matumizi yenyewe yawe hivi. Kabla ya yote, kagua boriti, kamba, pete na kulabu. Kulabu iliyoanza kufunguka mdomo, yenye ufa, au ambayo kifungio chake cha mdomo kimepotea, haifai tena. Usiichomelee, ibadilishwe. Washa mizani ikiwa tupu na uhakikishe inasoma sufuri. Kisha tundika chombo kitupu na ubonyeze kitufe kilichoandikwa "TARE", ambacho kazi yake ni kuondoa uzito wa chombo. Kreti lililolowa lina uzito wake, na asiyeliondoa kwenye hesabu anauza au kununua plastiki na maji. Hapo mvuvi ana haki ya kusema, "Mama, hebu tundika kreti tupu kwanza, sote tuone ziro," na mnunuzi mwaminifu hatamkasirikia. Pandisha mzigo polepole, subiri utulie, kisha soma kwa sauti. Mtu yeyote asipite wala kusimama chini ya mzigo, na asiweke mkono kati ya kulabu na mzigo ukiwa unapanda. Kioo kikionyesha alama ya kuzidiwa, shusha, usibishane nacho.

Utunzaji hauna siri. Maji, magamba ya samaki na vumbi la mawe ni maadui wa kifaa hiki. Kifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, halafu kikavu. Usikimwagie maji ya ndoo eti kinanuka samaki. Betri ikikaribia kuisha, ichajiwe kabla ya kazi, kwa kuwa namba inayotolewa na betri dhaifu haiaminiki. Ukimaliza, usiiache mizani ikining'inia na mzigo usiku kucha, wala usiitupe sakafuni. Kila asubuhi tundika kitu kimoja ambacho uzito wake unaujua, na uandike daftarini namba iliyotoka. Siku namba itakapoanza kuhama, utakuwa umeonywa kabla ya mteja kulalamika. Mizani iliyoangushwa au kuzidiwa mzigo haifai kurudi kazini hadi ipimwe upya, hata kama kioo kinawaka vizuri.

Sheria nayo ina neno. Chini ya Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513 ya sheria za Kenya, mizani ya biashara hukaguliwa na kupigwa muhuri na afisa wa vipimo angalau mara moja kwa mwaka. Tena si kila mizani ya kuning'iniza inayouzwa dukani imeidhinishwa kwa biashara; nyingine zimetengenezwa kwa kazi za karakana tu. Ulizia kabla ya kulipa. Muhuri wa biashara, hata hivyo, hushuhudia usahihi wa kilo; hauwi ushahidi kwamba kamba na boriti yako ni imara. Hilo linaangukia upande wa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inayotaka vifaa vya kuinulia vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa.

Nyingi ya mizani hizi huja na kijitabu cha Kiingereza, na anayesimama karibu nayo kutwa nzima huzungumza Dholuo na Kiswahili. Walimu wa fizikia na walimu wa Kiswahili wa Migori na Homa Bay wangeweza kukaa pamoja alasiri moja wakakipa kila banda ubao mfupi wa maelekezo. Usiandikwe insha. Uandikwe upeo wa kipimo kwa tarakimu kubwa, na chini yake: Ziro kwanza. Pandisha polepole. Usipite chini ya mzigo.