Kufunga Programu ya Kompyuta na Kuitia Ghalani

Katika somo lililopita tulisoma kwamba kompyuta haifanyi kazi ila kwa programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtu. Leo tutatazama programu hiyo yatoka wapi, nani huifunga, na kwa nini mtu aliye mbali aweza kuipokea bila hofu.

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, jina lake Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo uitwao Linux. Lakini kiini peke yake ni kama injini ya gari iliyolazwa chini: ina nguvu, ila huwezi kuipanda. Basi wakatokea watu wa kukusanya kiini hicho pamoja na programu nyingi nyingine, wakazipanga zipatane, wakawapa watu mkusanyo mzima. Mkusanyo mmoja ni Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwezi wa Agosti, 1993. Hutunzwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Mkusanyo mwingine, uitwao Ubuntu, ambao huenda umeuona katika kompyuta ya shule au ya ofisi, ulitoka mwaka 2004, nao umejengwa juu ya Debian. Shikeni jambo hilo, maana tutalirudia.

Mwalimu, andika ubaoni maneno matatu: mwandishi, mfungaji, mtumiaji. Mwandishi ndiye aliyetunga programu. Mtumiaji ni wewe. Katikati yenu yuko mfungaji, naye ndiye tutakayemzungumza leo. Huchukua kazi ya mwandishi, akaifunga katika kifurushi chenye lebo, akakipeleka katika ghala ya Debian. Wewe ukikihitaji, kompyuta yako hukichukua ghalani na kukifungua yenyewe.

Kwanza mfungaji hutangaza kwamba anakusudia kufunga programu fulani, ili watu wawili wasifanye kazi moja bila kujuana. Hilo ni la dakika chache. Lililo gumu zaidi ni leseni. Wengi hudhani kwamba kitu kilichowekwa hadharani ni cha kila mtu. Sivyo. Mwenye shamba la kando ya njia hakumpa kila mpita njia ruhusa ya kuvuna. Debian iliandika kanuni zake mwaka 1997, na kwa kanuni hizo programu haikubaliwi katika mkusanyo ila mwandishi ameruhusu kwa maandishi kwamba watu waitumie kwa kazi yo yote, waibadilishe, na wawape wengine. Akisema, "Itumieni, lakini msifanyie biashara," haikubaliwi. Akinyamaza bila kuandika leseni, haikubaliwi vile vile.

Kisha mfungaji huandika karatasi zake, yaani faili ndogo zinazokaa pamoja na programu. Moja ni lebo yenyewe: jina la kifurushi, jina la mtunzaji wake na anwani yake, maelezo mafupi ya kazi yake, na programu nyingine zinazohitajiwa pamoja nayo. Nyingine hutaja wenye haki ya kila sehemu na leseni zao. Nyingine ina amri ambazo kompyuta hufuata ili kukijenga kifurushi. Ninayoipenda mimi ni ile ya habari za mabadiliko: kila mara kifurushi kinapoguswa, huandikwa ni nani, tarehe gani, na amefanya nini. Hata namba ya kifurushi hueleza. Ukiona 2.10-3, namba iliyo kabla ya kistari ni ya mwandishi, na ile ya baada ya kistari ni ya mfungaji. Maana yake, programu ni ile ile ya mwandishi, lakini mfungaji ameifunga mara ya tatu.

Kifurushi huweza kujengeka vizuri kwa mfungaji kikashindwa kwa watu wengine. Kwa nini? Kwa sababu kompyuta yake tayari ina kila kitu, hata vile alivyosahau kuvitaja katika lebo. Mpishi aliye na chumvi jikoni husahau kuiandika katika orodha ya vitu vya kununua. Kwa hiyo mfungaji hodari hutengeneza ndani ya kompyuta yake mahali patupu, pasipo na kitu ila vile vya lazima, akajengea kifurushi humo. Kilichosahauliwa huonekana mara moja.

Sasa tufike penye hatari. Mara nyingine mfungaji huona kasoro katika maandishi ya mwandishi, au jambo lisilopatana na mkusanyo, akalibadilisha. Ana haki hiyo. Lakini sikilizeni yaliyotokea.

Iko programu iitwayo OpenSSL. Kazi yake moja ni kutengeneza funguo za siri. Si funguo za chuma. Ni namba ndefu mno ambazo kompyuta hutumia kuficha habari na kumtambua mwenye haki ya kuingia. Ufunguo ni mzuri ukiwa haukisiki, na ili usikisike programu huchanganya mambo ya bahati nasibu, kama mtu anavyochanganya karata. Mwaka 2006 chombo cha kukagua makosa kililalamika juu ya mistari miwili katika maandishi ya OpenSSL. Mfungaji wa Debian hakukurupuka. Aliwauliza waandishi, na mmoja akamjibu kwamba ikiwa kuiondoa mistari hiyo kwasaidia kutafuta makosa, yeye aliafiki. Jibu lilihusu kutafuta makosa. Badiliko likaingia katika kifurushi cha watu wote.

Kumbe mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukitia mchanganyiko. Ulipoondolewa, kitu pekee kilichobaki cha kubadilika kilikuwa namba ambayo kompyuta huipa kila kazi inayoendeshwa, na namba hizo hazikuzidi 32,768. Basi kwa kila aina ya ufunguo na ya kompyuta, funguo zilizoweza kutokea zilikuwa kiasi hicho tu. Kwako wewe 32,768 ni nyingi. Mwizi mwenye kompyuta aweza kuzijaribu zote.

Kasoro hiyo ilikaa kimya tangu Septemba, 2006. Programu ilikuwa ikifanya kazi, funguo zilikuwa zikitoka, wala hakuna aliyelalamika. Luciano Bello, mmoja wa watu wa Debian, ndiye aliyeigundua, ikatangazwa tarehe 13 Mei, 2008. Na kwa kuwa Ubuntu huchota kwa Debian, nayo ilipatwa na ugonjwa ule ule. Kutoa kifurushi kipya hakukutosha, kwa maana funguo zilizokwisha tengenezwa zilibaki dhaifu. Ilibidi zitupwe na nyingine zitengenezwe, hata katika kompyuta zisizo na Debian, ikiwa zilikuwa zimepokea ufunguo uliotengenezwa huko.

Kwa sababu hiyo katika vifurushi vingi siku hizi badiliko la mfungaji halichanganywi na maandishi ya mwandishi. Huwekwa kando katika faili yake, nalo huitwa kiraka. Juu ya kiraka huandikwa nani amekishona, kwa sababu gani, na kama mwandishi amepelekewa akitazame. Mtu ye yote aweza kukisoma na kuuliza.

Mfungaji mgeni hana ruhusa ya kutia kitu ghalani mwenyewe. Humtafuta mwenyeji, ambaye hukikagua kifurushi, akakitia sahihi ya siri isiyoweza kuigwa. Kikiwa kipya kabisa, wakuu wa ghala nao hukitazama, hasa leseni zake. Kikipita huingia chumba cha kwanza, kiitwacho Sid, jina la mtoto mvunja vitu vya kuchezea katika filamu ya Toy Story. Kikikaa humo siku chache, mara nyingi 2 hadi 10, bila kasoro kubwa, husogea chumba cha pili. Chumba cha tatu ni toleo thabiti, litolewalo kila baada ya miaka kama miwili. La 13 lilitoka tarehe 9 Agosti, 2025.

Wapo wanaonung'unika kwamba kungoja huko ni kupoteza wakati. Mimi sikubaliani nao. Mtu mmoja alijipatia imani katika programu iitwayo xz kwa zaidi ya miaka miwili, kisha akaficha ndani yake njia ya kuwaingilia watu. Mwezi wa Machi, 2024, Andres Freund, fundi wa programu, aliona kuingia katika kompyuta kukichelewa kwa kiasi cha nusu sekunde. Akaifuata nusu sekunde hiyo mpaka akaugundua ujanja. Vifurushi vile vilikuwa vimekwisha ingia chumba cha kwanza na cha pili. Cha tatu havikuwa vimefika.

Mwalimu, zima redio sasa. Kila mwanafunzi aandike lebo ya gunia moja atakalompelekea mtu asiyemjua: mna nini ndani, kimetoka kwa nani, nani amelifunga, tarehe gani, na kinahitaji nini pamoja nacho. Kisha badilishaneni madaftari, kila mtu amwulize mwenziwe jambo moja ambalo lebo haikumjibu.