Hita ya gesi inatoa maji vuguvugu? Anza kukagua hapa kabla ya kumwita fundi

Asubuhi za Karagwe na Kyerwa hazihitaji kuelezwa kwa mtu aliyezizoea. Sehemu kubwa ya wilaya zetu iko juu sana kutoka usawa wa bahari, na mwezi Juni na Julai maji yaliyolala kwenye tenki usiku kucha huwa baridi kwelikweli. Ndiyo maana nyumba za wageni pamoja na baadhi ya nyumba mpya za Kayanga, Omurushaka na Nkwenda zimeanza kufunga hita za gesi, zile za kisanduku cha ukutani zinazowaka zenyewe ukifungua bomba.

Wasikilizaji wetu wametuuliza: gesi ipo, moto unaonekana unawaka, mbona maji hayapati moto? Majibu ni zaidi ya moja, na mengi unaweza kuyabaini mwenyewe bila kufungua kisanduku.

Kwanza, ijue kazi ya hita

Hita hii haihifadhi maji. Inayapasha yakiwa yanapita, kwa hiyo ina kiasi fulani tu cha joto inachoweza kutoa kwa dakika. Hita inayoitwa ya lita 6 kwa kawaida hupandisha joto la lita 6 za maji kwa takriban nyuzi 25 kila dakika. Maji yakiingia na nyuzi 18, yatatoka na nyuzi 43, mazuri kwa kuoga.

Sasa fungua bomba hadi mwisho zipite lita 10 kwa dakika. Joto ni lilelile, lakini limegawanywa kwa maji mengi zaidi. Yatapanda nyuzi 15 tu na kutoka na nyuzi 33, chini ya joto la mwili wako, na utayasikia kama ya baridi. Hita haijaharibika. Punguza maji kwa kitufe cha maji au kwa koki, kisha subiri dakika moja.

Angalia pia kitufe cha moto. Baadhi ya hita zina alama ya jua na ya theluji. Kwenye jua huwaka sehemu tu ya moto; kwenye theluji huwaka wote. Kwa asubuhi zetu, weka kwenye theluji.

Sikiliza dalili

Maji yanaanza moto, kisha yanapoa baada ya dakika chache. Shuku mtungi. Hita ya lita 6 hula karibu kilo moja ya gesi kwa saa ikiwaka mfululizo, mara kadhaa ya ziko moja la kupikia. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, na ili igeuke kuwa hewa hunyonya joto kutoka kwenye mtungi wenyewe. Mtungi mdogo wa kilo 6 hupoa haraka, hutoka jasho kwa nje, msukumo hushuka na moto hunyong'onyea. Hali huwa mbaya zaidi gesi ikikaribia kuisha. Dawa yake ni mtungi wa kilo 15 au zaidi. Usiupashe mtungi kwa moto au maji ya moto, na usiulaze.

Maji ni vuguvugu tangu mwanzo. Kama umeshapunguza maji na hali ni ileile, angalia koki ya mtungi kama imefunguliwa vizuri, na mpira wa gesi kama umejikunja. Kagua pia bomba la kuchanganyia: koki ya maji baridi isiyofunga vizuri huingiza baridi kwenye maji ya moto bila wewe kujua.

Moto unawaka na kuzimika. Hapa tatizo mara nyingi ni maji au betri. Hita huwashwa na msukumo wa maji. Kila mita 1 ya kimo cha tenki hutoa msukumo mdogo tu, hivyo tenki likiwa usawa mmoja na hita, haitawaka vizuri. Hita nyingi huhitaji mita 2 au 3 juu yake, au pampu ndogo. Kisha funga maji, fungua chujio dogo pale maji baridi yanapoingilia, ulisafishe. Maji yanayobeba udongo, hasa kipindi cha mvua, huliziba upesi. Mwisho badilisha betri. Hita nyingi hutumia mbili kubwa za tochi.

Moto ni wa njano au kuna masizi. Hapo acha kuitumia. Moto mzuri wa gesi ni wa bluu. Njano ina maana gesi haipati hewa ya kutosha au vichomeo vimeziba, hata kwa utando wa buibui. Masizi yakiganda ndani huzuia joto lisifike kwenye maji. Huku kwetu milimani hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo nafasi ya kukosea kwenye upitishaji wa hewa ni ndogo. Kazi hii ni ya fundi.

Lililo muhimu kuliko maji ya moto

Hita isiyopasha vizuri inaweza pia kuwa inatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, huishiwa nguvu, na anaweza kufariki bafuni humohumo. Ni sumu ileile ya jiko la mkaa lililofungiwa chumbani.

Kwa hiyo hita ya gesi isifungwe ndani ya bafu. Ifungwe nje, mahali penye kivuli na upepo, na bomba la maji ya moto ndilo liingie ndani. Usizibe matundu yake kwa kuogopa baridi. Mwenye nyumba ya wageni, hili linakuhusu zaidi, maana mgeni hajui hita yako ina tatizo gani.

Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua milango na utoke. Usiwashe wala kuzima taa, na usipige simu ukiwa ndani. Ukishatoka, piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kutafuta panapovuja, tumia povu la sabuni, kamwe si kiberiti.

Ukimwita fundi, mweleze dalili uliyoiona na mkague pamoja kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza msukumo. Hita ya nyumbani hutaka cha msukumo mdogo. Akikuambia aweke cha msukumo mkubwa ili moto uongezeke, mkatalie.