Kwa Nini Rufaa za Ruzuku ya TASAF Huchelewa

Katika mikutano ya hadhara ya kata, swali moja hurudi mara kwa mara: “Nimeshalalamika ofisini, mbona sijajibiwa?” Ni swali la haki. Kwa kaya inayotegemea ruzuku ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, miezi miwili bila malipo maana yake ni kukosa unga, sabuni na daftari la mtoto. Makala hii inaeleza safari ya rufaa na mahali inapokwama.

Malalamiko ni ya aina mbili, na hayapiti njia moja.

Aina ya kwanza ni ya mlengwa aliyeandikishwa ambaye malipo yake yamekatwa au hayakufika. Tuchukue mfano wa bibi anayelea mjukuu. Mpango unataka mwanafunzi ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Mjukuu amehamia shule nyingine, taarifa za uhamisho hazijawasilishwa, naye anaonekana mtoro katika shule ya zamani. Ruzuku inakatwa, ingawa bibi hana kosa. Ili haki yake irejee, shule mpya ithibitishe mahudhurio, fomu ya malalamiko itoke kwa Mtendaji wa Kijiji hadi kwa Mratibu wa TASAF wa Halmashauri, kisha taarifa zirekebishwe kwenye mfumo. Kwa kuwa ruzuku hulipwa kila baada ya miezi miwili na orodha ya malipo huandaliwa mapema, fomu iliyochelewa kwa siku chache tu husubiri malipo yanayofuata. Hali ni hiyohiyo kwa mlengwa anayelipwa kwa simu, endapo jina la usajili wa laini linatofautiana na lile la orodha.

Aina ya pili ni ya kaya inayoona kuwa ilistahili kuandikishwa ikaachwa. Utambuzi huanzia kwenye mkutano wa kijiji au mtaa. Dodoso hujazwa, taarifa huchambuliwa na TASAF, na majina hurejeshwa mkutanoni yathibitishwe. Kwa hiyo Mtendaji, diwani au Mratibu hana mamlaka ya kuongeza jina kwa kalamu yake. Rufaa hii huchukua muda mrefu zaidi, na mwombaji anastahili kuelezwa hivyo waziwazi badala ya kuambiwa “njoo kesho” kila anapofika.

Tunakiri kwamba si kila ucheleweshaji hutokana na mfumo. Fomu ikikaa kijijini ikisubiri mtu wa kuifikisha wilayani, au ikirudishwa kwa kukosa namba ya utambulisho ya kaya, anayeumia ni mlengwa.

Mwananchi unashauriwa kufanya yafuatayo:

1. Toa taarifa mara tu mtoto anapohama shule, kaya inapohama au laini ya simu inapobadilika.
2. Lalamika kwa maandishi. Asiyejua kusoma na kuandika ana haki ya kuandikiwa.
3. Andika tarehe uliyowasilisha fomu na jina la aliyeipokea.
4. Usipojibiwa kijijini, mwone Mtendaji wa Kata, kisha Mratibu wa TASAF wa Halmashauri.

Kuwasilisha malalamiko hakulipiwi. Yeyote anayedai fedha ili “kuharakisha” rufaa yako anatenda kosa. Toa taarifa kwa TAKUKURU au kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri.