Ngoro: Mashimo Yalindayo Milima ya Umatengo

Mtu apitaye katika nyanda za juu za Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, huona miteremko mikali iliyojaa mashimo mithili ya masega ya nyuki. Hizo ndizo ngoro, kilimo cha Wamatengo, ambao katika karne ya 19 mashambulizi ya Wangoni yaliwalazimu kuishi kwa kubanana milimani humo.

Mwezi Machi, mvua zikielekea ukingoni, shamba lililopumzishwa hufyekwa. Majani huachwa yakauke, kisha hupangwa kwa mistari inayokatana, yakaacha miraba yenye upana wa kama mita moja na nusu. Udongo wa juu katikati ya kila mraba huchimbwa na kufukia majani hayo. Palipochimbwa huwa shimo, palipofukiwa huwa tuta, na juu ya tuta hupandwa maharage. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga majani. Wanawake hushika jembe, nayo ndiyo sehemu nzito zaidi. Msimu ufuatao matuta yale yale hupandwa mahindi, wakati majani yaliyofukiwa yanaoza na kuyalisha.

Maji yateremkayo mlimani huongeza mwendo, na mwendo ukizidi mara mbili, nishati yake huzidi mara nne. Katika ngoro maji hayapati nafasi ya kushika kasi. Kila shimo huzuia mvua yake, maji yakanywea taratibu, na tope likatuama humo humo badala ya kuchafua vijito viendavyo Mto Ruhuhu na Ziwa Nyasa.

Si kila kinga hufaa kila mlima. Mwaka 1955 wakulima wa Uluguru walikataa kuchimba matuta ya ngazi yaliyoamriwa na serikali ya kikoloni. Ghasia zikazuka, na mpango ukaachwa. Mmomonyoko ulikuwapo kweli, lakini udongo wenye rutuba huko ni mwembamba, na kuchimba ngazi kuliufukia na kuinua juu udongo usiozaa. Ngoro hufanya kinyume: udongo wa juu ndio unaorundikwa penye mizizi.

Udhaifu wa ngoro ni kazi yake. Hudai mikono mingi, tena kila baada ya miaka miwili huchimbwa upya. Tuta moja likibomoka, maji ya shimo lake huangukia shimo la chini, nalo likishindwa huangukia linalofuata. Kwa hiyo shamba lililotelekezwa juu ya mteremko humdhuru jirani wa chini kabla ya kumdhuru mwenyewe.