Goti Jipya Linataka Kutembezwa

Wengi waliobadilishiwa goti hurudi nyumbani na hofu kwamba wakilikunja litafunguka. Jamaa huzidisha hofu hiyo kwa kumketisha mgonjwa na kumletea kila kitu. Ni upendo, lakini unamchelewesha.

Goti hilo ni la chuma na plastiki, na kwa kawaida mgonjwa husimamishwa siku ya upasuaji au kesho yake. Kilicho dhaifu ni misuli ya paja, iliyolegea kwa miaka ya maumivu. Usipolikunja na kulinyoosha kila siku kama ulivyoelekezwa, hasa wiki 6 za kwanza, makovu ya ndani hukaza na goti hubaki gumu. Usilaze goti juu ya mto, hata ukiona raha, litashindwa kunyooka.

Anza na magongo, kutoka kitandani hadi uani, kisha hadi kwa jirani. Baadaye baiskeli na kuogelea ni sawa. Kukimbia na kuruka huchakaza goti mapema.

Kuchuchumaa ndiko huwa kugumu. Kwenye choo cha shimo, seremala anaweza kukutengenezea kiti cha mbao chenye tundu. Wanaoswali wanaweza kuswali wakiwa wameketi kitini.

Uvimbe unaweza kudumu miezi 3 au zaidi, na nguvu huendelea kurudi hadi mwaka mzima. Lakini shavu la mguu likivimba na kuuma, kidonda kikitoa usaha, au ukipata homa, rudi hospitalini siku hiyo hiyo. Pumzi ikikatika ghafla, usingoje hata saa moja.