Noti bandia kutoka benki: Ikague kabla ya kuondoka dirishani

Mkulima aliyeuza ndengu Mwingi au maembe Wote hutarajia kwamba pesa anazopewa benki ni halali. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini noti bandia ikipenya na mteja akaigundua akiwa ameshafika nyumbani, huwa vigumu kuthibitisha ilikotoka. Ndiyo maana wakazi wa Kitui na Makueni wanashauriwa kuhesabu na kukagua pesa mbele ya keshia.

Jinsi ya kukagua

Benki Kuu ya Kenya huelekeza hatua tatu:

1. Papasa: Maandishi na mistari ya ukingoni huwa imeinuka kidogo.
2. Tazama: Noti ikielekezwa kwenye mwanga, huonekana kichwa cha simba, herufi CBK na thamani ya noti.
3. Inamisha: Uzi wa usalama hubadilika rangi.

Noti zilizozinduliwa mwaka 2019 na zile zilizoboreshwa Agosti 2024 zote ni halali, hata kama nyuzi zake hazifanani.

Ukishuku noti

Ukiwa dirishani, mrudishie keshia papo hapo na umwite meneja. Ikiwa imetoka kwenye mashine ya ATM, hifadhi risiti, andika saa na mahali, kisha ingia ndani ya benki mara moja. Benki ikiwa imefungwa, mwonyeshe mlinzi noti hiyo na urudi inapofunguliwa.

Ukigundua baadaye, ipeleke kwenye tawi hilo au kituo cha polisi kilicho karibu. Kwanza andika nambari ya noti, na uombe maandishi yanayoonyesha kwamba umeisalimisha. Noti bandia haina thamani. Kuisalimisha pekee hakukuhakikishii nyingine. Ushahidi wako ndio utakaotegemewa.

Usiporidhika, wasilisha malalamiko kwa benki kwa maandishi, kisha kwa Benki Kuu, ambayo husimamia benki zote. Kifungu cha 46 cha Katiba humpa mtumiaji haki ya kufidiwa hasara inayotokana na huduma yenye kasoro.

Usiipitishe kwa mwingine

Kumlipa mwenye duka au bodaboda kwa noti unayojua ni bandia ni kosa la jinai. Chini ya Kanuni ya Adhabu, hata kuwa nayo ukijua ni bandia, bila sababu halali, kunaweza kukufunga hadi miaka 7. Anayeiripoti mapema hujilinda, na humlinda pia atakayeuziwa naye kesho sokoni.