Lugha ya Barua ya Kujitambulisha kwa Wateja: Mfano wa Kahawa Wendani

Barua ya kujitambulisha kwa wateja ni ile ambayo mfanyabiashara huwapelekea watu wasiomjua, akiwaeleza yeye ni nani, anafanya kazi gani na anapatikana wapi. Mwandikiwa hakuiomba, kwa hiyo haina budi kujipatia haki ya kusomwa tangu mistari yake ya kwanza. Makala haya yanaeleza kwa nini barua za namna hii, ziandikwapo kwa Kiswahili, aghalabu husikika ngeni masikioni mwa waliokusudiwa.

Mtaa wa Kahawa Wendani, huko Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, uko kando ya barabara kuu ya Thika, karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Neno Wendani ni la Kikikuyu, na maana yake ni mapenzi baina ya watu. Wanafunzi na wapangaji wa hapo wana lugha mama mbalimbali. Chukuliwe mfano wa fundi cherehani anayefungua duka mtaani humo. Akitaka kuwaandikia wote kwa pamoja, Kiswahili chamfaa. Tena tangu Katiba ya mwaka 2010 ni lugha rasmi ya Kenya sawa na Kiingereza. Lakini kielelezo alicho nacho ni cha Kiingereza, naye huandika:

“Mteja mpendwa, tunachukua nafasi hii kujitambulisha kwako kama kampuni inayoongoza katika utoaji wa huduma za ushonaji.”

Maneno yote ni ya Kiswahili, ila sentensi si ya Kiswahili. Kwanza, asiyejulikana bado hawezi kuitwa mpendwa, wala si mteja kabla hajanunua. Pili, “kama” hulinganisha: kwa msikilizaji makini, mwandishi amekiri kwamba anafanana na kampuni, si kwamba ni kampuni. Tatu, Kiingereza kina neno moja kwa mwandikiwa mmoja na kwa wengi; Kiswahili humlazimu mwandishi kuchagua. Barua ya mtaa mzima isemayo “kwako” humwacha msomaji akijiuliza ni nani anayeambiwa.

Kasoro hizi hazitokani na uchanga wa lugha. Wafanyabiashara wa pwani waliandikiana kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, kabla ya utawala wa Waingereza, C. G. Büttner alichapisha mkusanyo wa maandiko ya namna hiyo mwaka 1892. Mpango wa barua hizo ulifahamika: jina la mwandikiwa na heshima yake, salamu, kisha neno “wabaadu” lililofungua haja yenyewe. Salamu haikuwa pambo. Ndiyo iliyompa mgeni ruhusa ya kusema.

Mpango huo ungali unafaa, hata bila maneno yake ya Kiarabu:

“Kwa majirani wetu wa Kahawa Wendani, salamu. Sisi ni mafundi cherehani. Tumefungua duka hapa mtaani, tunashona sare za shule na kurekebisha nguo. Nguo tuliyoishona isipowakaa vizuri, tutairekebisha bila malipo. Karibuni.”

Hapa mwandishi amesalimu, amejitaja, ameeleza kazi yake na kutoa ahadi inayoweza kupimwa. Wafundishao uandishi wa barua rasmi wasiishie kwenye anwani, tarehe na mada. Yafaa wafundishe pia jinsi Mswahili anavyobisha hodi, maana mfanyabiashara asiyejua kubisha hodi hupoteza wateja kabla hawajaiona kazi yake.